Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Hulipia Ukarabati wa Miji ya Homa Bay na Migori?

Juni 1, 2025, sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, mji ulijaa vumbi na matingatinga. Uwanja wa Raila Odinga ulikuwa unakamilishwa, barabara za katikati ya mji zilikuwa zinawekwa lami, mitaro ilikuwa inachimbwa. Lami ambayo wenyeji waliiomba miaka na miaka ilifika kwa haraka kwa sababu Rais na wageni wake walikuwa njiani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji akipona ni heri. Ila mgeni huyo hurudi lini? Tangu 2016 sherehe za Madaraka huzunguka kaunti: Nakuru, Nyeri, Meru, Narok, Kisumu, Embu, Bungoma, kisha Homa Bay. Kaunti ni 47. Mji unaotegemea zamu hiyo ili ukarabatiwe utasubiri kizazi kizima kabla haujafikiwa tena. Migori, mwendo usiofika saa mbili kwa matatu kupitia Rongo, bado haijafikiwa.

Uchambuzi huu unaitazama miji hii miwili kwa pamoja kwa sababu inaonyesha tatizo moja kwa sura mbili. Miradi si haba. Kuna soko jipya hapa, kabro pale, taa za barabarani, nyumba za bei nafuu. Kinachokosekana ni mapato ya mji wenyewe, yanayoingia kila mwaka bila kumsubiri mfadhili, mkandarasi wa serikali kuu wala sikukuu. Ndiyo maana kila kitu hujengwa kwa mkupuo, huzinduliwa kwa shangwe, kisha huachwa kichakae hadi mkupuo mwingine.

Miji miwili, asili mbili

Homa Bay ni mji wa ziwa na wa ofisi. Ulikua kwenye gati ambapo meli kutoka Kisumu zilitia nanga, ukawa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, na hadi leo mishahara ya serikali ndiyo inayozungusha sehemu kubwa ya biashara yake. Umeegemea kilima cha Asego na kuteremka hadi ufuoni, kwa hiyo mvua ikinyesha, maji yote ya juu hupita mjini kwenda ziwani pamoja na takataka zote yanazozikuta njiani. Migori umejengwa na barabara. Uko kwenye njia kuu ya A1 inayotoka Kisii kwenda mpakani Isebania na kuingia Tanzania kupitia Sirari. Mahindi, mitumba, omena, sukari ya Awendo na bidhaa za Tanzania hupita hapo, na pesa hubaki kidogo kwa kila anayesimama.

Sensa ya 2019 iliikuta Migori na wakazi wapatao 71,000 na Homa Bay na wapatao 45,000. Takwimu hizi zina uzito wa kisheria. Sheria ya Maeneo ya Miji ya 2011, ilivyorekebishwa 2019, inataka mji uwe na watu angalau 50,000 ili uitwe manispaa. Migori inavuka kizingiti hicho kwa idadi ya watu. Homa Bay inabebwa na hadhi yake ya makao makuu ya kaunti.

Zamani miji yote miwili ilikuwa na mabaraza ya manispaa yenye madiwani, meya na karani wa mji. Mabaraza hayo hayakuwa matajiri. Kuanzia miaka ya baada ya uhuru serikali kuu iliyapokonya vyanzo vya mapato kimoja baada ya kingine, na baada ya 1999 yaliishi kwa sehemu kubwa kwa mfuko wa ruzuku kwa serikali za mitaa, LATF, uliotengewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi. Ugatuzi ulipoanza 2013, mabaraza yalivunjwa na LATF ikafa nayo. Ardhi, magari, wafanyakazi na madeni vikahamia kaunti. Mji ukabaki jina tu, hauna karani wala akaunti ya benki.

Gavana wa kwanza wa Migori, Okoth Obado, na mwenzake wa Homa Bay, Cyprian Awiti, walirithi kaunti ambazo sehemu kubwa ni mashamba na vijiji. Kisiasa ilikuwa rahisi kueleweka: kura nyingi ziko nje ya mji, kwa hiyo fedha ziende nje ya mji, wadi kwa wadi. Mwakilishi wadi ambaye wadi yake iko Nyatike au Ndhiwa hana sababu ya kupigania mtaro wa mjini, wa Oruba au wa Makongeni.

Ruzuku yenye masharti

Iliyoufufua mji kama taasisi ilikuwa Benki ya Dunia. Mwaka 2017 iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa Mpango wa Kusaidia Miji Kenya, maarufu KUSP, kwa miji 59 katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Serikali kuu ndiyo iliyokopa na ndiyo itakayolipa. Kaunti zilipokea fedha kama ruzuku yenye masharti: uwe na hati ya kuanzisha manispaa, bodi iliyoteuliwa, meneja wa mji, mpango wa maendeleo wa mji, na hesabu zinazokaguliwa. Bila hayo, hupati senti.

Masharti yalifanya kazi ambayo sheria peke yake ilikuwa imeshindwa kuifanya tangu 2011. Bodi za manispaa ziliundwa kote nchini kwa muda mfupi, Migori na Homa Bay zikiwemo. Orodha ya kazi zilizoruhusiwa ilikuwa fupi na yenye busara: taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara na njia za miguu, masoko na steji za magari, na huduma za zimamoto. Soko la manispaa la Homa Bay lilijengwa kwa mpango huu. Mwaka 2023 awamu ya pili iliidhinishwa kwa dola milioni 350.

Hata hivyo dosari tatu za mpango huu zinafaa kuelezwa bila kuzungushwa. Ya kwanza ni hesabu ya mgao. Fedha zinagawanywa kwa kuangalia idadi ya wakazi wa mji waliohesabiwa usiku wa sensa. Migori mchana si Migori usiku. Siku ya soko mji hupokea wanunuzi, wachuuzi, bodaboda na magari ya mizigo kutoka Kuria, Nyatike, Uriri na ng'ambo ya mpaka. Wote wanatumia choo cha soko, wanaacha taka na kuchakaza barabara, na hakuna hata mmoja anayehesabiwa katika mgao.

Ya pili ni ucheleweshaji. Tangu mwaka wa fedha 2021/22, ruzuku za aina hii zinahitaji sheria yake maalum kupita katika Bunge na Seneti kabla ya kutumwa. Mabunge mawili yakivutana, sheria inachelewa, mwaka wa fedha unaisha Juni, na mkandarasi aliyeanza kuchimba msingi anaondoa mashine zake. Wafanyabiashara waliohamishwa kupisha ujenzi hubaki kwenye eneo la muda ambalo muda wake hauishi.

Ya tatu, na kubwa zaidi, ni kwamba ruzuku inajenga lakini haitunzi. Soko likishafunguliwa, gharama za maji, umeme, walinzi, ufagiaji na kurekebisha paa ni za kaunti. Bodi ya manispaa, ambayo kwa sheria ndiyo inayopaswa kulisimamia, mara nyingi haina fungu lake katika bajeti wala akaunti ambayo ushuru wa soko hilo unaingia. Ushuru unakwenda kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na kurudi kwake sokoni kunategemea hisani ya afisa wa fedha. Muuzaji anayelipa kila asubuhi na kuona bomba limekauka hana wa kumuuliza: bodi inasema haina pesa, kaunti inasema soko ni la manispaa.

Barabara moja, wenyewe watatu

Tembea katikati ya Migori na uangalie unakanyaga mali ya nani. Barabara kuu ya A1 ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa kutoka Isebania hadi Ahero, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa mfadhili mkuu, na mradi huo umebadilisha sura ya Migori kuliko mradi wowote wa manispaa. Ukikata kona, barabara ya lami inayofuata inaweza kuwa chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Kichochoro cha nyuma ya maduka ni cha kaunti. Wote watatu wana mhandisi wao na bajeti yao, na mwisho wa barabara ya mmoja ndio mwanzo wa lawama kwa mwingine.

Mtaro ndio unaoumia. Barabara kuu huinuliwa na kupewa mtaro mzuri wa saruji, unaomwaga maji kwa nguvu kwenye mtaro wa udongo wa kaunti, ambao tayari umejaa mifuko, maganda na chupa za plastiki. Mvua za Aprili zikija, maji yanaingia dukani. Mwenye duka anailaumu kaunti, na kaunti inasema maji yanatoka kwenye barabara ya serikali kuu. Kila upande una haki kwa sehemu yake, na duka linaendelea kulowa.

Fedha zina mkanganyiko uleule. Kila lita ya petroli inayouzwa Migori au Homa Bay hutozwa ada ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024. Anayejaza tangi mjini anaamini amelipia barabara ya mjini. Sehemu kubwa ya ada hiyo inakwenda kwa mamlaka za kitaifa, na sehemu ambayo kaunti zilidai, shilingi bilioni 10.5, iliwaingiza magavana na wabunge katika mvutano mrefu. Wakati wakubwa wanavutana, mashimo yanapanuka.

Mama mboga analipa, mwenye jengo anasubiri

Sasa tufike kwenye kiini. Katika miaka ya fedha 2021/22 na 2022/23, mgao wa Migori kutoka serikali kuu ulikuwa kama shilingi bilioni 8 kwa mwaka, na wa Homa Bay kama bilioni 7.8. Katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi Homa Bay ilikuwa inajikusanyia chini ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Yaani katika kila shilingi mia zilizoingia, kama tatu tu zilitoka kwa watu na mali ya hapo. Mgao huo nao si wa uhakika: maandamano ya 2024 yalipouangusha Mswada wa Fedha, mgao wa kaunti zote ulipunguzwa kutoka bilioni 400 hadi bilioni 387, na katikati ya mwaka huohuo madeni ya kaunti kwa wanakandarasi na wauzaji yalikuwa yamepita bilioni 180.

Homa Bay imejitahidi. Chini ya Gavana Gladys Wanga iliunda bodi ya mapato, ikaacha malipo ya mkononi na kuingia kwenye malipo ya simu, na mwaka wa fedha 2023/24 makusanyo yakavuka shilingi bilioni 1. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini sifa isizidi hesabu. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni ada za hospitali, na sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inataka fedha hizo zibaki hospitalini. Ni sawa kabisa, mgonjwa alipie dawa. Ila shilingi ya hospitali haiwezi kuzibua mtaro wala kuwasha taa ya barabarani, na mji hauna budi kutafuta shilingi yake kwingine.

Kwingine huko ni ardhi. Katiba, kifungu cha 209, imezipa kaunti kodi ya majengo na ardhi, nayo ndiyo inayobeba miji kote duniani, kwa sababu mtaa ukipata barabara na maji, thamani ya kiwanja hupanda bila mwenyewe kuinua jembe. Ni haki arudishe sehemu ya faida hiyo kwa mji ulioileta. Kenya ilizoea kutoza kodi hii kwa thamani ya kiwanja kitupu. Jengo la ghorofa nne lenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu linaweza kulipa sawa na kiwanja cha jirani kilichoota nyasi, na thamani yenyewe imeandikwa katika orodha ya zamani, ya enzi za mabaraza. Nje ya mpaka wa mji wa kale kuna ardhi ya ukoo iliyogawanywa vipande, imejaa vyumba vya kupangisha, na haimo katika orodha yoyote. Serikali kuu nayo, yenye ofisi, kambi za polisi na nyumba za maafisa, ni mzito wa kulipa.

Linganisha na mwanamke anayeuza nyanya na sukuma wiki kando ya soko. Mkusanya ushuru anamfikia asubuhi hata kabla hajapata mteja wa kwanza, akiwa na mashine yake ya kutoa risiti. Akikosa, mizani inachukuliwa au mboga zinamwagwa. Analipa kila siku anayouza. Kwa mwaka, jumla yake inaweza kukaribia au hata kuzidi anachodaiwa mwenye ghorofa anayemwona ng'ambo ya barabara, ambaye anadaiwa mara moja kwa mwaka, na asipolipa hakuna anayekuja na lori. Kodi inakusanywa pale penye wepesi wa kuikusanya na si pale penye mali. Huu si ufundi mbovu tu. Wenye viwanja wakubwa ni wafadhili wa kampeni, ni wazee wa mji, ni jamaa za watu wa ofisini.

Sheria mpya ya Kitaifa ya Kodi za Ardhi, iliyotiwa saini Desemba 2024, inafungua njia. Inataka thamani ya ardhi ipitiwe kila baada ya miaka mitano, wakati sheria iliyofutwa iliruhusu hadi kumi na zaidi. Tanzania imejaribu njia ya mkato: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme kwa mfumo wa LUKU. Makusanyo ni rahisi, lakini fedha zinaingia kwanza Hazina Kuu na halmashauri hupewa sehemu tu. Kwa mji wa Kenya, mashine ya kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha anayekusanya ndiye anayetengeneza mtaro.

Je, mji ukope?

Wapo wanaosema miji ikope kama miji mikubwa ya dunia. Katiba inaruhusu, kwa kifungu cha 212, mradi serikali kuu idhamini mkopo na bunge la kaunti likubali. Laikipia ilijaribu kuandaa hatifungani ya miundombinu ya zaidi ya shilingi bilioni 1, ikapita ngazi kadhaa, lakini haikufika sokoni. Mfano wa karibu zaidi unatoka Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi za Tanzania bilioni 53.12 ya miaka kumi, na wanunuzi walizidi kiasi kilichotakiwa.

Siri ya Tanga haiko kwenye soko la hisa la Dar es Salaam. Iko kwenye bili ya maji. Mamlaka ile ina wateja wenye mita, hesabu zilizokaguliwa na mapato yanayojulikana mwezi hadi mwezi, na mnunuzi wa hatifungani ananunua mapato hayo. Migori na Homa Bay zina kampuni zao za maji, MIWASCO na HOMAWASCO, na hapo ndipo mazungumzo ya kukopa yangepaswa kuanzia siku moja: mita zisome vizuri, maji yasipotee njiani, bili zilipwe, na ofisi za serikali zilipe pia. Kukopa kabla ya hapo ni kuwaandikia wajukuu deni la soko lenye bomba kavu.

Nani anapona?

Ukarabati wa mji una swali la haki pia. Mradi unapofika, wa kwanza kuondolewa ni mwenye kibanda. Hana hati, kwa hiyo kwa macho ya mradi hana alichopoteza. Masharti ya wafadhili wa nje, kama Benki ya Dunia, yanataka wanaoathirika waorodheshwe na kusaidiwa hata kama hawana hati. Miradi ya fedha za ndani, hasa ya haraka ya kukimbizana na sherehe, haina kigezo kigumu namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba kibanda kikivunjwa kwa mkopo wa Washington mwenyewe anaweza kupata kitu, na kikivunjwa kwa kodi aliyoilipa yeye mwenyewe asipate chochote. Kaunti zote mbili zinaweza kulimaliza hili kwa sheria fupi ya bunge la kaunti: hakuna soko kubomolewa kabla ya orodha ya wauzaji kubandikwa hadharani, na aliye kwenye orodha ndiye wa kwanza kupewa meza mpya.

Kuna na ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, na fuo za Homa Bay zikamezwa. Ufuo ndio eneo ambalo kila mpango wa kuupendezesha mji unalitazama kwa hoteli na bustani. Mpango usiouliza maji yalifika wapi mwaka ule unajenga juu ya deni la pili.

Hukumu yangu ni hii. KUSP imezipa Homa Bay na Migori taasisi, barabara ya A1 imeipa Migori uso, Madaraka imeipa Homa Bay lami. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoipa miji hiyo kipato. Gavana Wanga na Gavana Ochilo Ayacko wa Migori watakumbukwa zaidi kwa mambo mawili yasiyokatiwa utepe: orodha mpya ya thamani ya ardhi inayomfikia mwenye ghorofa, na akaunti ya manispaa ambayo ushuru wa soko unaingia na kutoka kwa kazi za soko hilo.

Wewe mkazi una nafasi yako pia, na ina tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo lazima wananchi wasikilizwe. Nenda kwenye kikao hicho, na usiombe mradi mpya. Uliza fungu la manispaa ni shilingi ngapi, nani analipia matengenezo ya soko lililojengwa, na wenye viwanja vikubwa mjini walilipa kodi kiasi gani mwaka jana. Usipojibiwa, waandikie barua wajumbe wa bodi ya manispaa, kisha rudi kikao kinachofuata na jirani yako.